Miaka mitatu ya kufuga samaki wa mapambo kwa kufuata video: uzoefu wangu

Samaki wangu sita wa kwanza walikufa ndani ya siku tisa, na kila nilichowafanyia nilikuwa nimekiona kwenye video. Walikuwa samaki wa dhahabu, wale wekundu wenye mkia mpana kama shela, niliowanunua binti yangu alipotimiza miaka saba. Tangi lilikuwa la lita 40. Video niliyoifuata ilikuwa ya dakika sita: kijana anaosha mawe, anajaza maji, anasema yaache yakae saa 24, halafu anatia samaki, muziki unapanda, tangi linang'aa. Nikafanya vilevile, hatua kwa hatua.

Siku ya tano maji yakaingia ukungu. Siku ya sita samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatweta. Nikatafuta video nyingine, hii ya chini ya dakika moja, ikasema maji yakichafuka mwaga yote, osha kila kitu mpaka sifongo ya chujio, uanze upya. Nikamwaga yote. Sifongo nikaisugua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe. Siku ya tisa mtoto alirudi shule akakuta tangi tupu, na sikuwa na la kumwambia.

Nimeandika haya kwa sababu watu wawili watatu wameniuliza kama hawa wa video ni wa kuaminika kwenye mambo ya samaki. Jibu langu si la neno moja, na nitaeleza kwa nini.

Yule kijana wa kwanza hakusema uongo. Saa 24 ni muda wa kuacha klorini ya maji ya bomba ipotee hewani. Lakini mimi nakaa Kunduchi, Dar es Salaam, na maji ya nyumbani ni ya kisima kirefu, hayatiwi klorini. Zile saa 24 nilizosubiri hazikufanya kazi yoyote. Kilichoua samaki ni kitu ambacho hakukitaja kabisa: samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake muda wote, na amonia ni sumu kwake. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Hao bakteria wanakaa zaidi kwenye sifongo ya chujio, na kwa kawaida wanahitaji wiki nne hadi sita kuongezeka wakatosha. Mimi wachache walioanza kujikusanya niliwaosha nikawapeleka kwenye mtaro.

Na haya yote nilikuja kuyajua kwa video. Hapo lazima niwatendee haki. Ilikuwa video ndefu, karibu saa nzima, mzee mmoja amekaa mezani na vichupa vyake, hakuna muziki, hata tangi lenyewe halionekani vizuri. Niliitazama mara tatu. Kisha nikamwagiza shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Dubai aniletee kipimo cha matone, cha kupimia amonia.

Nakumbuka jioni ile ya kwanza. Unachota mililita 5 za maji kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone manane kutoka chupa ya kwanza, manane kutoka ya pili, unatikisa, unasubiri dakika tano. Maji salama yanabaki ya njano kama chai ya mchaichai. Ya kwangu yalianza njano, yakageuka kijani taratibu kutoka chini, mpaka yakawa kijani kibichi cha jani la mgomba. Maji yenyewe kwenye tangi yalikuwa meupe, safi, ungeweza kuyanywa kwa kuyatazama. Siku hiyo ndipo nilipoacha kuliamini tangi linalong'aa, la kwangu au la mtu.

Nikajua pia kwa nini video nyingi zinapotosha bila mtu kukusudia. Tangi linalopigwa picha ni la siku ya kwanza. Mawe mapya, mimea mipya, samaki wametiwa mchana huohuo ili video iishe. Wewe hulioni tangi lile baada ya mwezi. Siku hizi nikikutana na chaneli mpya natafuta kwanza kama mwenyewe ana video ya tangi lilelile mwaka mmoja baadaye, na kama amewahi kukaa mbele ya kamera akasema leo nimepoteza samaki, sababu ni hii. Asiyewahi kufiwa na samaki hata mmoja simsikilizi, kwa sababu hakuna mfugaji wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na ndilo kubwa: kila mtengeneza video anazungumza na maji yake mwenyewe.

Mfano wa kwanza ni ileile amonia. Baada ya kuanza upya, safari hii na gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, kipimo kilionyesha rangi ya kijani hafifu, kama miligramu 0.5 kwa lita. Mtaalamu mmoja ninayempenda alikuwa amesema kiasi hicho si cha kutia hofu, punguza chakula, subiri. Nikasubiri, na gapi wakaanza kujikunyata chini, mapezi yamefungwa. Kumbe kiasi cha amonia chenye sumu hasa kinategemea joto na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwenye maji yenye pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote inayopimwa. Kwenye maji ya kisima changu, pH 8.5 na nyuzijoto 28, inazidi asilimia 15. Namba ni ileile kwenye kichupa, kwake ni jambo la kusubiri, kwangu ni jambo la kubadilisha nusu ya maji usiku huohuo.

Mfano wa pili ni joto. Karibu kila video ya Uingereza au Marekani inaanza na hita. Mwezi wa pili Dar es Salaam tangi langu linafika nyuzijoto 29 bila kuguswa. Gapi wakapata vidoa vyeupe, vile kama punje za chumvi mwilini, ugonjwa wa kijidudu Ichthyophthirius. Video ikasema pandisha joto. Sababu yake ni ya kweli: kijidudu akiwa ndani ya ngozi ya samaki dawa haimpati, ni mpaka adondoke, ajigawe chini, watoto wake waanze kuogelea kutafuta samaki mwingine. Joto linaharakisha mzunguko huo. Lakini maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Kwenye nyuzijoto 25 lita ya maji inashika oksijeni kama miligramu 8.3 tu, kwenye 30 inashuka kama 7.5, na hapo samaki mgonjwa matamvua yake yameshavamiwa. Nilinunua hita, nikapandisha hadi 32, nikalala. Asubuhi nilikuta wawili wanaelea.

Aliyenisaidia hakuwa Mzungu wala jirani. Ni mfugaji wa Singapore, sauti ya chini, Kiingereza cha haraka. Kule samaki wa mapambo ni biashara kubwa ya kusafirisha nje, na jua lao ni letu. Alifungua mfuniko wa tangi, akaelekeza feni ndogo juu ya maji, akaonyesha kipimajoto kikishuka nyuzi mbili ndani ya saa chache kwa ajili ya mvuke tu. Hakuna hita popote chumbani kwake. Dawa akaitia, pampu ya hewa akaiongeza, na akasisitiza dawa iendelee siku kadhaa baada ya vidoa kupotea, kwa kuwa vidoa vikipotea kijidudu ndiyo kwanza yuko majini. Wale gapi wengine walipona. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeishi pwani ni kutafuta chaneli za Singapore, Malaysia, Indonesia, hata kama picha si nzuri.

Sisemi wa mbali hawafai. Chaneli niliyoitazama kuliko zote ni Aquarium Co-Op ya Cory McElroy, mwenye duka la samaki huko Edmonds, jimbo la Washington. Anauza vifaa anavyovitaja, na anakwambia wazi kwamba duka ni lake, jambo ambalo wengine wanaolipwa na kampuni hawalisemi mpaka mwisho wa video kwa maandishi madogo. Kwake ndiko nilikojifunza chujio la sifongo linaloendeshwa na hewa, na pampu ndogo ya USB inayoweza kukaa kwenye pawabenki umeme ukikatika. Kwetu hilo limeokoa samaki mara nyingi, maana bakteria wa chujio nao wanataka hewa, umeme ukikosekana saa nyingi wanaanza kufa pamoja na kila kitu. Lakini sikiliza anachofanya na maji yake: anatia vipande vya matumbawe kwenye tangi ili viyaongezee maji madini, kwa sababu maji ya upande ule ni laini, yana madini kidogo. Mimi nikatafuta matumbawe siku mbili. Hapa Kunduchi nyumba zimejengwa juu ya matumbawe ya kale, ambayo ni mawe ya chokaa, na pale Wazo wanachimba chokaa hiyohiyo kutengeneza saruji. Kisima changu kinapita ndani yake. Madini ninayo kuliko ninavyohitaji.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kupigana na kisima. Nikajiuliza samaki gani wanayapenda maji kama haya, na jibu likawa la nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nimekulia Kibirizi. Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 9, maji mazito kwa madini, na samaki wake wadogo wa miambani wanafugwa Ujerumani, Marekani, Japani, watu wanawagharamia kuwatengenezea maji ambayo kwangu yanatoka kwenye bomba la jikoni. Nilipata kundi la Neolamprologus brichardi, samaki wa rangi ya maziwa ya chai, mapezi marefu yenye ncha za buluu. Wafugaji wa nje wanamwita Binti Mfalme wa Burundi. Jina la kitaalamu alipewa kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa letu kutoka Bujumbura.

Kabla sijawatia nilimpigia mjomba, mvuvi wa dagaa tangu ujana.

"Shikamoo mjomba. Wale samaki wadogo wa kwenye mawe, maji yao yakoje?"

"Marahaba mama. Wale hatuvui, wale wa watoto. Lakini pale kwenye mawe ziwa halitulii. Wimbi linapiga usiku na mchana."

Hakuna video iliyoniambia kwa maneno mafupi namna hiyo kwamba samaki wa mwambani amezoea maji yaliyojaa hewa. Ila kuna video zilizonionyesha: zile zilizopigwa chini ya maji, ziwani kwenyewe, karibu na Kigoma, hakuna mtu anayezungumza, ni samaki tu juu ya mawe na mwanga unacheza. Hizo ndizo video bora kuliko zote nilizowahi kuona kuhusu samaki. Unaona wanakaa kina gani, wanajificha wapi, nani anamfukuza nani. Nilipanga mawe ya tangi langu, sasa la lita 200, kwa kusimamisha picha na kuchora kwenye daftari la mtoto.

Nikitoa nyota: kwa kufundisha mikono na macho, kupanga mawe, kusafisha chujio kwa maji ya tangi lenyewe badala ya bomba, kutambua samaki anayeumwa kabla hajazidiwa, nawapa 5 kati ya 5. Hakuna kitabu cha Kiswahili dukani kingenipa hayo. Kwa tiba nawapa 2. Anayekuambia dawa bila kukuuliza pH, joto na ukubwa wa tangi anabahatisha kwa samaki wako. Na zile video fupi za wauzaji nawapa 1. Muuzaji mmoja alinihakikishia, "Dada, hawa hawana shida, hata mkate wanakula," na nimeona video yenye maneno hayohayo. Mbaya zaidi ni ile ya kufungua kapsuli ya antibiotiki ya binadamu na kuimwaga kwenye tangi kwa kila ugonjwa. Vidoa vyeupe si bakteria, havitaguswa, na bakteria wa chujio wanaweza kuuawa. Tafadhali usifanye hivyo.

Ukitaka kuanza, nunua kipimo kabla ya samaki. Pima maji ya kwako, andika namba ukutani, halafu ndipo ufungue simu.

Wale brichardi wametaga mara tatu sasa. Watoto wa mzao wa kwanza hawakuondoka, wamebaki kuwalinda wadogo zao, wamejipanga mbele ya pango la jiwe, na kidole kikikaribia kioo wanakijia wote pamoja. Binti yangu amewahesabu jana usiku akafika 31, akaniambia nisiwashe taa kubwa, wadogo wamelala.