Chafya ndani ya helmeti: nimejaribu, nawaambia kilichofaa

Ndugu watazamaji, kabla sijagusa hivi vilivyoko mezani, tupige hesabu moja. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, pikipiki inameza mita 22 za barabara kila sekunde. Chafya inakufumba macho. Na sisi wenye mzio wa chavua, ule unga wa mimea unaopeperuka hewani, tunajua chafya haiji peke yake, inakuja na ndugu zake watatu wanne. Sasa zidisha mwenyewe.

Ndiyo maana leo sipimi helmeti kwa urembo wala kwa kelele za upepo. Napima kitu kimoja tu: je, majira ya chavua yakifika, naweza kuendesha huku naona mbele?

Kwanza tusisingizie maua. Yale ya rangi kali yenye harufu, chavua yake ni nzito na inanata, inamsubiri nyuki. Anayetutesa ni nyasi, na miti inayotegemea upepo, ile ambayo hata hujui kama imechanua. Na wewe unapita katikati ya upepo huohuo na pua mbele.

Haya, helmeti. Nimetumia ya uso wazi na hii ya kufunika uso mzima. Ile ya uso wazi katika msimu huu niiweke kando bila maneno mengi. Macho yalivimba, basi. Hii iliyofunika ina matundu ya hewa kwenye kidevu. Ukiyafunga, upepo haukupigi puani moja kwa moja, lakini kioo kinaingia ukungu ukisimama kwenye taa. Mimi nafunga nikiwa kwenye mwendo, nafungua nikisimama. Na hapa chini ya kidevu, sogeza kamera kidogo, kuna kitambaa kinachoziba upepo unaopanda kutoka kifuani. Kama yako haina, kitafute. Kinasaidia kuliko kinavyoonekana.

Lakini jambo lililonichukua misimu miwili kulielewa ni hili: sponji ya ndani. Nilikuwa napiga chafya hata siku ambayo mvua imesafisha hewa tangu usiku. Nikasema dawa imechoka. Kumbe chavua ya wiki nzima nilikuwa nimeihifadhi mwenyewe, imekaa kwenye sponji ya mashavuni, na kila nikivaa naibandika usoni upya! Kwa hiyo mimi sasa nikinunua helmeti, swali la kwanza ni kama sponji zinatoka zote. Hii zinatoka kwa vifungo, dakika mbili. Naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nazikamua kwa kuzibonyeza, sizisokoti, kisha nazianika ndani ya nyumba. Ukizianika nje kwenye upepo umefua bure. Ubaya wake ni kwamba hazikauki haraka.

Barakoa. Zile za daraja la FFP2 zinachuja angalau asilimia 94 ya chembe ndogo mno, na chembe ya chavua ya nyasi ni kubwa, kama mikromita 20 hadi 40, kwa hiyo kuchuja si tatizo. Tatizo ni pumzi yako. Inatoka juu ya pua, inapiga kioo, huoni kitu. Nimejaribu kubana ule waya wa puani, ikawa afadhali kidogo tu. Nikaishia kwenye kitambaa hiki cha shingoni, kile cha duara unachovuta hadi puani. Hakichuji kama barakoa, nisiwadanganye, lakini navaa safari nzima bila kukivua, na kila siku naanza na kisafi.

Vaselini kidogo kwenye ukingo wa matundu ya pua, nje tu: nilicheka nilipoambiwa. Chavua inanata pale. Inafaa.

Sasa dawa, na hapa nisikilizeni. Vidonge vya zamani vya mzio, kama klofeniramini, vinaingia hadi kwenye ubongo na vinaleta usingizi. Hatari yake ni kwamba unaweza kujiona uko sawa kabisa, kumbe mkono unachelewa kushika breki. Kwangu mimi hicho kidonge juu ya pikipiki ni kibaya kuliko chafya yenyewe. Loratadini na feksofenadini kwa kawaida hazilazi; setirizini iko nao, ila baadhi ya watu inawalegeza. Yoyote utakayoshauriwa na mfamasia, meza mara ya kwanza siku ambayo huendeshi, ujijue. Na feksofenadini meza kwa maji, siyo juisi ya matunda; juisi inapunguza dawa inayoingia mwilini.

Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndiyo iliyonisaidia zaidi, lakini haitaki haraka. Ni ya kila siku, na inahitaji siku kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo anza kabla msimu haujachachamaa. Pulizia tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ili dawa ielekee pembeni, isichome ukuta wa katikati.

Na ukisikia chafya inakuja barabarani? Legeza mafuta, ongeza nafasi na gari la mbele, tafuta pembeni usimame. Usijifutie macho kwa glavu. Hiyo glavu imekusanya chavua kama sponji.

Kama kifua kinabana au unapumua kwa filimbi, habari inabadilika, muone daktari. Usidhani pia kila mvua ni rafiki. Dhoruba ya radi inaweza kupasua chavua ikawa vipande vidogo vinavyofika mapafuni. Melbourne, Australia, Novemba 2016, dhoruba moja ilipeleka maelfu hospitalini ndani ya siku mbili, na watu 10 wakafariki. Anga likianza kunguruma msimu huu, mimi siwashi pikipiki.

Mmoja atauliza mbona helmeti ya mezani iko tupu. Sponji ziko humu ndani, kule nyuma kwenye kamba, nimezifua asubuhi na bado mbichi. Leo natembea kwa miguu.