Mafundi wa chokaa waliotutengenezea vyumba Mji Mkongwe: tathmini ya kazi yao na ya hewa waliyotuachia

Nyumba ya familia yetu iko Mji Mkongwe, Unguja, katika kichochoro ambacho jua hukifikia kwa muda mfupi tu adhuhuri, na kwa miaka kadhaa vyumba viwili vya chini vilikuwa na harufu ya kuvu ambayo mgeni aliisikia kabla hajamaliza kuvua viatu. Mama yangu, mwenye pumu tangu ujanani, ndiye aliyekuwa akilala katika kimojawapo. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, tuliwakabidhi vyumba hivyo mafundi wanne wanaofanya kazi ya chokaa, na ninayoyaandika hapa ni tathmini ya siku 23 walizokuwa kwetu. Sitawataja kwa jina, kwa sababu wanaofanya kazi ya namna hii si wao peke yao, na nia yangu ni msomaji ajue la kumuuliza fundi wake mwenyewe. Nimeipima kazi yao hasa kwa jambo ambalo wengi wetu hatuliulizi tunapolipa: ndani ya nyumba tulivuta hewa gani wakati wa kazi, na tunavuta hewa gani sasa.

Chanzo cha tatizo kilikuwa ni ukarabati wa awali. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, na tangu zamani maji hayo yalitoka tena polepole kupitia lipu ya chokaa. Miaka minne iliyopita mafundi wengine walitushauri tuibandue chokaa, tupige lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta, kwa hoja kwamba ukuta wa namna hiyo hufutika kwa kitambaa. Tulikubali, na ukuta ulipendeza kwa masika moja. Kisha unyevu uliokosa njia ya kutokea ukapanda juu zaidi, chumvi ikajikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma, rangi ikavimba malengelenge, na tulipolisogeza kabati la nguo tukakuta kuvu nyeusi imeuandama ukuta kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, ambamo hali hiyo inahusishwa na kikohozi, kubanwa na kifua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidi kwa pumu. Kwetu sisi tuliiona kwenye pampu ya mama: iliyokuwa ikimtosha miezi miwili ikawa inamalizika kwa wiki tatu.

Fundi mkuu, mzee wa makamo na mpole wa maneno, alipokuja kukagua hakuanza kwa kupima vyumba. Aliuliza, "Nani analala humu?" Nikamjibu kwamba ni mama, na kwamba ana pumu. Akasema, "Basi mama ahame kwanza, kazi itafuata." Alikataa kupanga tarehe ya kuanza mpaka nilipomhakikishia kwamba mama na mpwa wangu wa miaka sita watakaa kwa kaka yangu Fuoni kwa muda wote wa kazi. Katika ukarabati wote niliowahi kuushuhudia, huyu ni fundi wa kwanza kuuliza habari ya mapafu ya watu kabla ya kuuliza habari ya ukuta, na kwa hilo peke yake nampa heshima yangu.

Sehemu ngumu ilikuwa ni kubandua saruji. Watu wengi huliona vumbi la ujenzi kuwa ni usumbufu wa kufagia tu, kumbe ndani yake mna hatari iliyo wazi. Mchanga unaochanganywa na saruji kwa kawaida una madini ya silika, na silika ikisagwa kwa mashine hugeuka chembe ndogo mno ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia. Chembe zilizo chini ya maikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi, huenda moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Vumbi la silika husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wa miaka minne iliyopita walikata ukuta mkavu kwa mashine, mlango wazi, wakiwa wamejifunga fulana puani. Wiki mbili baadaye tulikuwa bado tunalikuta vumbi ndani ya kopo la sukari na juu ya misahafu katika mashubaka ya ghorofa ya pili.

Hawa walifanya vingine kabisa. Mlango wa kuingilia ndani waliuziba kwa nailoni nzito tabaka mbili, wakazibandika kingo zake kwa utepe, na njia pekee iliyobaki ikawa ni dirisha la kichochoroni, ambamo waliweka feni iliyoelekea nje ili hewa ya chumbani ivutwe kutoka ndani. Ukuta waliunyunyizia maji kwa bomba la mgongoni, lile ambalo wakulima hupulizia dawa, wakasubiri unywe, ndipo wakaanza kwa tindo na nyundo. Mashine waliitumia sehemu mbili tu, na kila mara kijana mmoja alisimama kando akimimina maji mahali inapokata. Kifusi kilitiwa kwenye viroba kikiwa bado kibichi, na hakuna aliyefagia pakavu; walipangusa kwa matambara ya maji kila jioni. Wote wanne walivaa barakoa za N95, ambazo hukaa barabara usoni na kuzuia asilimia 95 ya chembe ndogo, na fundi mkuu alimtoa nje kijana aliyeishusha yake kidevuni. Mimi nilikuwa na kipimo changu cha kienyeji: kila magharibi nilipitisha leso nyeupe juu ya mkono wa ngazi unaokwenda ghorofani. Kwa siku nane za kubandua, leso ilitoka safi au na kivuli chepesi tu, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo, ambayo ilikuwa ya tatu, ndiyo lawama yangu kubwa kwao. Fundi mkuu alikuwa ameitwa pengine, na kijana mmoja akaona atumie nafasi kuyasugua madirisha ya luva kwa msasa mkavu, katikati ya ua, ambako sare za skuli za mpwa wangu zilikuwa zimeanikwa. Nilipotoka jikoni nilikuta unga wa rangi umetapakaa juu ya mabega ya mashati. Madirisha yale yana umri mkubwa kuliko mimi. Mahali msasa ulipochimba niliona tabaka la kijani, chini yake buluu, kisha nyeupe, kisha rangi ya maziwa. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani tangu mwaka 1978. Leo kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini kiwango hicho ni cha rangi mpya na hakiiondoi ile iliyokwisha kupakwa na babu zetu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Rangi kuukuu ikiwa imetulia ukutani haina madhara makubwa. Inaposuguliwa ikiwa kavu, au kuchomwa kwa moto ili ibanduke, ndipo hugeuka vumbi na moshi unaoingia mwilini.

Nilikasirika, na nilisema. Fundi mkuu aliporudi alisimamisha kazi, akauosha ule ua kwa maji na sabuni yeye mwenyewe, akaokota maganda ya rangi kwa mkono wenye glavu na kuyafunga katika mfuko, na sare zikafuliwa peke yake mara mbili. Baada ya hapo luva zilisuguliwa kwa msasa wa maji tu, juu ya turubai. Walilisahihisha kosa vizuri, lakini onyo kuhusu rangi kuukuu lilipaswa kutolewa siku ya kwanza, na kwa vijana wote.

Chokaa yenyewe ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Waliileta ikiwa imeshazimwa kwa maji na kulala ndani ya mapipa kwa miezi, laini kama mtindi, wakaichuja na kuipiga katika tabaka tatu, kila tabaka likiachwa likaze kabla ya linalofuata. Chokaa haikauki kama tope linavyokauka juani: hukaza kwa kuvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani mpaka igeuke tena jiwe, na ikiharakishwa hupasuka. Ndiyo maana waliitundikia magunia mabichi na kuyanyunyiza asubuhi na jioni. Mafundi wa awali, ili wapake rangi haraka, walituwekea seredani la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili lipu ikauke, nasi kwa kutojua tukapita humo kuchukua vitu. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Nikilikumbuka seredani lile hadi leo mwili unanisisimka.

Uzuri wa chokaa kwa mgonjwa wa pumu ni kwamba inaupitisha unyevu badala ya kuufungia, na ukali wake ikiwa mpya huifanya kuvu isipate pa kuota. Juu ya lipu walipaka chokaa nyembamba ya maji, na harufu yake ilikuwa kama ya jiwe lililomwagiwa maji, isiyokera. Ukali huohuo ni hatari kwa macho: tone moja lilimrukia fundi aliyekuwa juu ya ngazi bila miwani, na ilikuwa bahati kwamba ndoo ya maji safi ilikuwa karibu akaosha jicho papo hapo. Miwani walikuwa nayo, kwa hiyo sioni udhuru.

Kwa milango walitumia rangi ya maji. Mlango mmoja tu, wa mbao ngumu, ulihitaji vanishi yenye thina, nao waliung'oa, wakaupaka uani na kuuacha nje siku tisa kabla ya kuurudisha. Thina na rangi za mafuta hutoa mvuke wa kemikali kama toluini na zailini, unaoleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na macho kuwasha, na chumbani mvuke huo huendelea kutoka muda mrefu baada ya rangi kushika. Shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, alitaka kuiondoa harufu iliyobaki kwa kuzungusha chetezo cha udi. Ilibidi nimwombe radhi na kumweleza kwamba udi hauondoi mvuke ule bali hufunika harufu yake, huku ukiongeza moshi wa chembe zilezile ndogo tulizohangaika kuzizuia kwa siku nane. Tulifungua madirisha mchana kutwa, tukakiacha chetezo hadi mama apone kifua.

Jambo jingine walilotusaidia halikuwa katika makubaliano. Nilikuwa nimemnunulia mama kabati jipya la chipubodi, na lilipofunguliwa liliwasha macho. Fundi mkuu alinishauri nisiliingize ndani, kwa kuwa gundi ya mbao hizo hutoa gesi ya fomaldihaidi, na joto na unyevu wa pwani huizidisha. Nimelithibitisha hilo kwa kusoma: fomaldihaidi iko katika kundi lilelile la visababishi vya saratani tangu mwaka 2004. Kabati lilikaa barazani milango wazi kwa wiki sita.

Bei yao ilikuwa karibu mara moja na nusu ya ile tuliyolipa kwa saruji, na muda wao ni zaidi ya maradufu. Walichelewa siku nne kwa kungoja chokaa, na sakafuni waliacha madoa meupe ambayo tuliyasugua wenyewe. Kwa yote hayo ninawapa alama nne kati ya tano, na ile moja iliyopotea ni ya msasa mkavu na miwani iliyobaki mfukoni.

Mama alirudi chumbani kwake mwezi wa Machi, na masika imepita juu ya kuta hizo. Harufu ya kuvu haipo. Pampu aliyoianza wiki aliyorudi ilimfikisha katikati ya Mei. Kwenye kona moja, chini kabisa, umebaki unyevu wa kimo cha kiganja, na fundi mkuu alipokuja kuutazama alitueleza bila kuficha kwamba unatokana na bomba linalovuja upande wa jirani, kwa hiyo hakuna lipu itakayouponya mpaka bomba hilo litengenezwe. Jirani amekubali. Kaskazi ijayo mafundi hawa watarudi kutengeneza ngazi na vyumba vya juu, na katika makubaliano tuliyoandika safari hii kuna mistari miwili niliyoiongeza mimi: luva zote zitang'olewa na kusuguliwa kwa maji nje ya nyumba, na hakuna atakayepanda ngazi na chokaa bila miwani machoni.