Kijiji cha misheni au ukoo wa nyumbani?

Mi nikiangalia wamisionari wa zamani Tanzania naona njia mbili tofauti kabisa. Bagamoyo, 1868, mapadri Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikomboa watumwa, wengi watoto, wakawajengea kijiji chao, shule ipo, shamba lipo, ila ratiba yote iko mkononi mwa padri. Kwa mtoto aliyeng'olewa kwao hata kabila lake halijui vizuri, jamani, ungemrudisha wapi? Hapo siwalaumu.

Sasa Old Moshi kwa Wachaga ni kitu kingine, Bruno Gutmann, Mlutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, alifika nchini 1902 akasema ukoo, majirani na rika visivunjwe, kanisa lijengwe humohumo, akakaa akiandika mila na sheria zao miaka na miaka. Kwa jamii ambayo bado imesimama mi naichagua hii bila kusita, maana mtu anabatizwa na bado ana shangazi na wajomba wa kumuuguza na kumzika. Shida yake moja, Gutmann aliogopa sana mambo ya mjini na elimu ya kizungu wakati vijana wenyewe waliitaka, na hilo walipaswa kuamua wao.