R22 jijini Mwanza: kilo, joto na ziwa

Watu wakiiona helikopta yangu uwanjani huuliza kwanza bei. Bei ndiyo jambo jepesi. Robinson R22, helikopta ndogo ya viti viwili, ikiwa imetumika hupimwa kwa umri wa vipuri, si kwa mng'ao wa rangi. Kiwanda kimeweka kikomo: saa 2,200 za kuruka au miaka 12, kitakachotangulia, kisha mashine ifumuliwe na kujengwa upya. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haijaruka sana, ilikuwa imepaki tu", muulize ilitoka kiwandani mwaka gani. Miaka inahesabika hata ikiwa imelala bandani. Mimi nilimtanguliza fundi asome daftari zake, ndipo tukaongea pesa. Ya kwanza tuliiacha hapohapo.

Nikaja kugundua kuwa hapa Mwanza, mwenye sauti ya mwisho ni mizani. Uwanja wetu uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 1,900 hivi, na injini na mapanga yote vinalegea. Uzito wa kuruka usizidi kilo 621, na mashine tupu inachukua kama 400. Kiti kimoja mwisho kilo 109, pamoja na mzigo ulio chini yake. Mwalimu wangu ni mtu wa ugali haswa, basi kila tukitaka kuruka tunapimwa kama marobota ya pamba, kisha kinachobaki ndiyo mafuta: lita sitini na kitu, safari isiyofika saa mbili. Ndiyo maana tunaruka alfajiri.

Alfajiri nayo ina lake. Hewa ya ziwa ina unyevu, na kabureta, pale hewa inapochanganyika na mafuta ya injini, inaweza kushika barafu, naam, barafu hapahapa Mwanza, huku nje kuna nyuzi 20. Tulikuwa tunashuka upande wa Capri Point, nguvu imepunguzwa, sindano ya joto la kabureta ikaingia kwenye rangi ya njano, yaani hatari ya barafu. Mwalimu hakusema kitu. Alivuta kitufe cha hewa moto, akaendelea kutazama mbele.

Kwa kujifunzia sijaona kasoro kubwa, ila haina msamaha ukizubaa. Mapanga yake mawili ni mepesi; injini ikizima una kama sekunde moja tu kushusha kolektivu, mkono wa kuipandisha na kuishusha mashine. Marekani wana sheria maalumu ya mafunzo kwa R22 na dada yake mkubwa R44, na si bure. Aliyeizoea hii mikono yake inanyooka.

Safari za ziwani ndizo siziwezi. Ikizima, kwa kila mita moja unayoshuka unasogea mbele kama nne. Kutoka mita 300 huendi hata kilomita moja na nusu, na yangu haina maboya. Ukerewe naenda na meli kama kila mtu.

Mafuta: inakunywa avgas, petroli ya ndege ndogo, si Jet A-1 ya ndege za jeti. Hakikisha unajua utayapata wapi kabla hujalipa hata senti.

Nyota nne kwa mwanafunzi mwepesi anayewahi kuamka. Mwenye familia aangalie R44, ina viti vinne. Kiyoyozi yangu haina. Joto likizidi tunavua milango, na hapo kofia, simu na karatasi zote zifungwe, maana kikichomoka kitu kinaweza kuishia kwenye panga la mkiani.