Na watoto baharini Lamu: mashua ya tanga au boti ya mashine?

Kwa gharama, boti hula mafuta. Tanga hula upepo tu. Kwa kufika, boti inashinda: mtoto akianza kutapika, mnarudi kijijini Shela upesi. Mashua ina utulivu; wangu walihesabu mikoko njia nzima hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Ila tanga likigeuzwa, watoto waketi chini, foromali, ule mti unaoshika tanga, isiwaguse. Na mkondo wa Takwa huingilika maji yakijaa, kwa chombo chochote.

Mwenye mtoto mchanga, au Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu, boti. Mwenye siku nzima na watoto wakubwa kidogo, tanga.

Kwa vyote viwili, mvalishe mtoto jaketi la kuokoa maisha kabla hajapanda. Livute mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, omba jingine.