Strati baa ya Impreza yangu: chuma sina ugomvi nacho, ugomvi ni na waliokifunga

Nati ya juu ya shokapu inatakiwa itoke kwa spana. Yangu ilitoka kwa vidole viwili, bila hata kuzungushwa, kama kizibo cha soda iliyokwisha funguliwa. Chini yake hapakuwa na stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati. Palikuwa na kisiki cha stadi iliyokatika, na juu ya kisiki hicho mtu mzima mwenye akili zake timamu alipaka silikoni nyeusi ya gasketi, akabandika nati, akaifuta kwa kitambaa, akafunga boneti, na wenzake wakapokea hela yangu.

Naandika hasira hazijaisha, kwa hiyo mnivumilie. Ila kila nikifungua boneti lazima atokee mtu aulize hicho chuma chekundu kilicholala juu ya injini, yaani strati baa, kinasaidia kweli au ni urembo, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Gari ni Subaru Impreza ya kawaida, ile ya wagoni, haina turbo. Shokapu zake za mbele ni za mtindo wa MacPherson: kichwa cha shokapu kimeshikwa na bodi moja kwa moja, kwenye ile minara miwili unayoiona ukifungua boneti, mmoja kila upande. Ukiingia kona na mwendo, tairi la nje linabeba mzigo, na sehemu ya mzigo huo inapanda na shokapu mpaka kwenye mnara. Bodi inajikunja kidogo, huwezi kuiona kwa macho. Strati baa inakatiza juu ya injini na kuishika minara yote miwili isiachane wala isisogeleane. Basi. Hakuna uchawi. Ndiyo maana gari kama Toyota Altezza, ambalo mbele lina mikono ya chuma ya juu na ya chini inayoshika tairi, halifaidiki sana, kwa sababu kazi ya kona inabebwa na mikono na si kichwa cha shokapu. Nina jamaa yangu wa Altezza kaifunga hivyo hivyo kwa sababu inapendeza, na kusema kweli inapendeza.

Nilinunua kwenye duka moja la urembo na vifaa vya magari hapa Dar. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Duka lina vioo, lina kiyoyozi, na nyuma wana gereji yao. Laki na themanini, kufunga bure. Chuma kina stika ya kampuni ya Kijapani inayoheshimika kwa vitu hivi, nikaisugua kwa kidole gumba, kona ikabanduka. Muuzaji hakupepesa macho. "Kaka, hiyo orijino kabisa, stika tu imepata jua." Jua la wapi, ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi? Nikacheka, nikaendelea, maana chuma chenyewe nilikuwa nimeshakikagua. Kimenyooka, hakina mikunjo mingi ya kukwepa injini, na ncha zake zimechomelewa kwenye sahani. Zipo zile zenye bawaba ya bolti moja kila upande, na zipo zilizopinda mpaka basi. Hizo zinanesa pale pale zinapotakiwa kukaza, usipoteze hela. Hiki kilikuwa chuma cha kazi. Feki au si feki, aliyekichomelea anajua anachofanya, na nitalisema hilo hata mbele ya hakimu.

Kufunga kwenyewe ni nati sita, tatu kila mnara, spana namba 12. Gari linakaa chini kwa matairi yake, uzito wote umelalia springi. Unatoa nati, unavalisha sahani, unarudisha nati, unakaza nyutoni mita 20, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza. Ishirini tu! Nati za tairi zinakula zaidi ya mara nne ya hapo. Stadi hizi ni nyembamba, milimita 8, mtu mwenye mkono mzito na spana ndefu anazikata bila kutoka jasho.

Fundi wao, mtu wa makamo, jambo la kwanza akapiga jeki. Nikamwambia kwa heshima zote, fundi, hii inafungwa gari likiwa chini, ukitoa nati zote tatu na tairi linaning'inia, shokapu inashuka yote. Hakunitazama. "Bosi, kakae mapokezi, kuna maji ya baridi." Sikwenda. Akashusha jeki taratibu, huku akimwambia kijana wake kwa sauti ya mimi nisikie, "Siku hizi kila mwenye simu injinia."

Nikameza. Nikaitwa kaunta kulipia, na nikiwa kule nikasikia mlio mmoja mkavu kutoka nyuma. Tak. Kila aliyewahi kukata bolti anaujua mlio huo. Nikauliza kuna nini, nikajibiwa spana imeteleza. Niliporudi nikakuta nati zote sita zipo, zinang'aa, na kitambaa bado kinapita juu yake. Sijawahi kuona gereji yenye bidii ya kufuta nati namna ile.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi: chuma kilifanya kazi.

Haikupita muda mrefu nikawa na safari ya Lushoto, ukweni. Kutoka Chalinze mpaka Segera huwezi kupima lolote, kila kijiji ni 50 kwa saa na askari wa tochi wamejibanza miembeni. Mambo yanaanza ukikata kulia pale Mombo. Kilomita 33 za kuupanda Usambara, lami nyembamba, mwamba upande huu na korongo upande ule, hujamaliza kona hii nyingine imeshakuja, na Coaster inashuka katikati ya barabara ikipiga honi kukuonya kwamba haina mpango wa kukupisha. Injini ya Subaru imelala na imekaa mbele ya ekseli, kwa hiyo pua ni nzito. Kona kali ukiingia na haraka, pua inataka kwenda nje. Nilishazoea kukata stelingi, kusubiri kidogo gari liamue, halafu niongeze. Safari hii hakukuwa na kusubiri. Nakata mara moja, gari limeshakubali. Kabla ya kufika Soni nilikuwa natabasamu peke yangu. Mke wangu akauliza nacheka nini, nikasema sicheki, akasema basi punguza mwendo.

Ningeandika usiku ule, wangepata nyota tano, na ile stika ningewasamehe.

Kurudi, matuta ya Korogwe, upande wa kushoto mbele: tok. Tuta jingine: tok, tok. Ukipita lami safi kimya, ukigusa tuta inakujibu. Mpaka nafika Dar nilikuwa nazima redio ili nisikilize vizuri, ambayo ni adhabu ya kujitakia, lakini nani anaweza kuacha?

Nikawarudia. Fundi yule yule akabonyeza boneti kwa viganja mara mbili, akajipangusa mikono. "Stabilaiza linki hizo. Elfu themanini pea, tunafunga sasa hivi." Nikamwambia gari halikuwa linalia kabla hamjaligusa. Sikilizeni jibu. "Bosi, Subaru ndivyo zilivyo. Ukitaka gari lisilolia kanunue Toyota." Kaunta wakacheka. Mteja mmoja aliyekuja kununua vitambaa vya viti, hata hanijui, naye akacheka.

Mlio ningeuvumilia. Uongo wa bei nimeshauzoea, mimi ni mtu wa Dar. Ila kufanywa kichekesho mbele ya watu na mtu ambaye muda huo huo anajua, anajua kabisa, alichokificha chini ya ile nati! Aliweza kunibonyezea boneti akiwa amesimama nusu mita kutoka kwenye silikoni yake mwenyewe.

Nikaenda Temeke kwa fundi wangu wa siku zote, ambaye hana kioo wala kiyoyozi, ana mwembe na boksi la spana. Akafungua boneti, akakishika chuma na kukivuta huku na huku, akainama, akagusa nati moja moja kwa kidole. Ya nne ikatoka. Akaishika juu ya mwanga, akaigeuza. Kwenye silikoni palikuwa na alama ya kidole gumba imekaukia pale, mistari yote unaihesabu. Akakaa kimya muda, kisha akasema, "Kaka, hii hawakukaza. Hii wamebandika."

Mlio ulikuwa ni sahani ya chuma na kichwa cha shokapu vinagongana upande usio na mshiko. Fundi wangu ni mtu wa haki, akasema stadi mbili zilizobaki zingeweza kushika hata miezi. Sawa. Lakini moja kati ya hizo mbili nayo uzi wake ulikuwa umeanza kuvutika, yaani huyo bwana alikata moja akaona haitoshi. Na mimi na gari hilo nimepanda Usambara na mke na watoto nyuma.

Kurekebisha sasa. Stadi imepigwa kwenye mauntingi, kile kikalio cha juu cha shokapu, haichomolewi tu juu kwa juu. Shokapu inashuka nzima, springi inabanwa kwa kibanio, na hapo watu wasio na kazi wanaambiwa wasogee, maana springi ikifyatuka haichagui. Mauntingi nikaipata mtaa wa Gerezani hapa Dar, ya mtumba wa Japani, nzima. Halafu zile bolti mbili za chini zinazoshika shokapu, ya juu yake ndiyo inayopanga mlalo wa tairi, kwa hiyo ukishailegeza alainimenti, yaani mpangilio wa matairi, imekwenda, ukapime upya. Jumlisha spea, ufundi, alainimenti. Ile "kufunga bure" imenigharimu kuliko chuma. Fundi wangu akaenda kuazima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa jirani yake anayefungua injini, akaiweka ishirini, ikalia kwa kila nati, akanionyesha.

Nati na ganda lake la silikoni nikaviweka kwenye bahasha ya kaki, nikaenda navyo dukani. Anayejiita meneja akaniambia, "Tuna uhakika gani hukufanya mwenyewe?" Fundi akaitwa, akaangalia bahasha, akasema stadi ilikuwa mbovu toka Japani. Nikamuuliza, na silikoni nayo ilitoka Japani? Yule kijana wake aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Meneja akaniomba nipunguze sauti, dukani kuna wateja. Mimi sijui nilikuwa nani.

Turudi kwenye swali la watu: ifungwe au isifungwe? Nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa msifunge, na hasa msifunge kwa hawa. Lakini chuma si wao. Halafu kuna jambo linanisumbua. Siku shokapu ilipokuwa imerudi na alainimenti imepimwa, chuma kikiwa bado kwenye buti, nilizunguka na gari nikaona limekaa vizuri sana barabarani, stelingi nyepesi na imenyooka. Tulipokifunga tena likaongezeka kidogo. Kidogo. Fundi wangu anasema akili ikishakilipia kitu itakisikia tu, na kwamba hela ile ningeanzia kwenye tairi na bushi za loa amu, zile raba za mikono ya chini. Nimembishia. Zile kona za Mombo sikuziota, na alainimenti wakati ule ilikuwa ile ile ya zamani. Ila sasa siwezi kuapa.

Kwa hiyo: kama bushi zako zimekufa na tairi zimeisha, usiguse. Kama gari liko sawa na unapenda stelingi inayojibu haraka, na una MacPherson mbele, tafuta iliyonyooka isiyo na bawaba, ufunge gari likiwa chini, usimame pale pale mpaka nati ya mwisho. Maji ya baridi utakunywa nyumbani. Na mjue kwamba ukigongwa upande mmoja wa mbele, chuma hicho hicho kinaweza kupeleka kishindo kwenye mnara wa pili, ukanyoosha pande mbili badala ya moja. Hilo dukani hawakulisema, bila shaka hawalijui, hawajui hata nati inakaaje.

Duka nalipatia nyota moja kwa sababu sifuri haipo. Chuma nakipa nne. Tatu. Hapana, nne, jana usiku nimepita nacho kona za Pugu.

Wamenipigia juzi, sauti imekuwa laini. Eti nikirudisha chuma watanipa nusu ya hela, yaishe. Chuma sirudishi. Nataka ya mauntingi, ya ufundi na ya alainimenti, risiti zote ninazo, na bahasha ya kaki bado iko kwenye gari.