Zana za kuundia programu ya hifadhidata ya biashara: ipi ununue kwanza

Hapa Mombasa, duka la vikoi Biashara Street, bohari ya Kongowea na ofisi ya wakala wa forodha karibu na Kilindini zina haja moja: majedwali yaliyopangwa sawasawa, fomu ambayo karani ataijaza bila kuuliza, na ripoti ya madeni inayoaminika. Mwenye biashara anayeijua kazi yake anaweza kujifunza kuiunda programu hiyo mwenyewe. Hapa zana zimepangwa kwa kigezo kimoja kikuu, yaani kama majedwali yanaweza kukaa mbali na fomu, ili siku ya kuhama uhame na data yako bila kuanza upya.

1. Microsoft Access

Kwa anayeanza kwenye Windows, hakuna njia fupi zaidi ya kufikia fomu na ripoti zinazofanya kazi. Ila angalia unachonunua. Microsoft 365 Business Basic haina Access, Business Standard inayo, na Office Home ya kulipia mara moja haina. Leseni ya kununua ni ya mashine ya anayeunda tu. Karani wengine wawekewe Access Runtime, toleo la kutumia fomu bila kuziunda, ambalo ni la bure. Kama mashine ina Office tayari, Runtime iwe ya biti zile zile, 32 au 64, la sivyo zitagombana wakati wa kusakinisha.

Tangu siku ya kwanza gawa faili liwe sehemu mbili: majedwali kwenye kompyuta moja, na kila karani awe na nakala yake ya fomu. Unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao, si Wi-Fi. Mawimbi yakikatika wakati rekodi inaandikwa, faili huharibika, na hicho ndicho chanzo cha lawama nyingi zinazotupiwa Access. Vivyo hivyo kwa stima kupotea, kwa hiyo kompyuta yenye majedwali na swichi ya mtandao zote zikae kwenye UPS (betri ya akiba).

Kikomo cha faili ni GB 2. Maandishi peke yake huchukua miaka kufika huko. Kinachoijaza haraka ni picha za hati za mizigo zikihifadhiwa ndani ya jedwali. Weka picha kwenye folda, na jedwalini uandike njia ya faili tu.

Makosa ya kujikinga nayo mapema:

- Namba ya simu ni maandishi, si tarakimu, la sivyo 0 ya mbele itapotea.
- Pesa ziwe za aina ya sarafu. Aina ya desimali zinazoelea huleta tofauti za senti kwenye jumla.
- Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Weka urefu wa 11 na izuie kujirudia ndani ya jalada moja.
- Tarehe ndani ya amri za SQL (lugha ya kuuliza na kubadili data) za Access husomwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 5 mwezi wa 3 ukiiandika kama 05/03 itageuka Mei 3, na hutaona onyo lolote.
- Kama unauza vikoi kwa korja na kwa kimoja kimoja, stoki ihesabiwe kwa kimoja. Korja iwe 20 ya kuzidisha wakati wa kuuza.

2. SQL Server Express

Ni seva ya hifadhidata ya Microsoft, ya bure, na toleo la 2022 hubeba GB 10 kwa kila hifadhidata. Huandika kila badiliko kwanza kwenye faili la kumbukumbu za mabadiliko (log) lililo kwenye diski, ndiyo maana huhimili kukatika kwa umeme kuliko Access. Fomu zako za Access zinaweza kuunganishwa nayo kwa ODBC (kiunganishi cha kawaida kati ya programu na hifadhidata), na huo ndio ukuaji wa kawaida. Haina kipanga kazi chake cha ndani, hivyo nakala za akiba za kila usiku uzipangie mwenyewe kupitia Windows. Watu wengi husahau hili mpaka diski ife.

3. SQLite pamoja na Lazarus au Python

SQLite ni hifadhidata ya faili moja; Lazarus na Python ni za kuandikia programu. Zote ni bure na zinafaa sana kwa kujifunza SQL kwenye kompyuta moja. Washa ukaguzi wa mahusiano ya majedwali kila unapofungua muunganisho, kwa kawaida huwa umezimwa. Faili lake usiliweke kwenye folda ya pamoja ya mtandao.

4. LibreOffice Base

Itumie ukiiunganisha na seva ya hifadhidata kama PostgreSQL au MariaDB. Hifadhidata yake ya ndani hufungashwa ndani ya faili moja la mtumiaji mmoja, na stima ikipotea kabla ya kuhifadhi, kazi inaweza kwenda nayo.

5. FileMaker

Nzuri kwa wenye Mac na iPad, lakini fomu na majedwali hufungwa kwa kampuni moja.

Zana yoyote utakayochagua, ankara ya kodi itatoka kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Programu yako itunze namba ya ankara hiyo kwenye safu yake.

Ukinunua kompyuta iliyotumika, tafuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Muuzaji akisema Office imo, fungua Access pale pale dukani, ingia Faili kisha Akaunti, utazame leseni ni ya jina la nani. Ikiwa si yako, bei ya Office iondolewe kwenye hesabu kabla hujalipa.